Kinyozi na Kamera Isiyo na Kioo

Jumapili, 29 Septemba

Vita imetangazwa! Binti yangu Shiori kapiga simu saluni nikiwa na kichwa cha mteja mkononi. Siku ya michezo shuleni kwa mjukuu wangu Kozue ni Jumamosi ya tarehe kumi na mbili. Picha itakayopendeza kuliko zote ndiyo itakayokwenda kwenye kadi ya mwaka mpya ya familia. Baba upige, kasema, na baba mkwe naye apige, halafu tutachagua. Kasema kwa sauti tamu, kama hajui anachokichochea.

Baba mkwe wake ni Mzee Habuchi, mwalimu mstaafu. Kozue anamwita Babu Chaki, mimi Babu Mkasi. Mwaka jana tulipiga sote kwa simu. Yake ikaenda kwenye kadi. Zangu: kidole gumba, bendera, kidole gumba tena. Dada yangu wa Sendai akapata kadi, akaniandikia kwamba huyo Habuchi ana jicho. Ana jicho! Na mimi ninayewakata watu nywele hapa Numazu tangu nikiwa na zangu mwenyewe, nina nini?

Lakini si hilo lililoniuma. Kozue alinikalia mapajani akapitia picha zangu zote mpaka ya mwisho, kisha akauliza, Babu, mimi niko wapi? Nikampa peremende. Mpaka leo nikikumbuka najisikia vibaya. Mwaka huu mtoto lazima ajue kwamba babu yake alimwona. Nanunua kamera.

Jumatatu, 30 Septemba

Jumatatu vinyozi tunafunga, kwa hiyo nimeshinda dukani mbele ya stesheni. Lo, mambo niliyoyaona! Siku hizi kamera hazina tena kile kioo cha ndani kilichokuwa kinaruka kila ukifyatua. Wamekitoa, ndiyo maana zimepungua mwili. Muuzaji, Bi Niimura, msichana mwenye subira ya ajabu, kaniwekea mbili juu ya kaunta. Zote za wanaoanza. Bei zinakaribiana. Hapo ndipo nilipopotea.

Ya kwanza nimeiita Kibonge. Nyeusi, ina tumbo la kushikia, vidole vinakaa kama vimepimwa. Juu ina kidirisha cha kuchungulia. Ukiweka jicho, unabaki wewe na unachokitazama, hakuna jua wala jirani. Na ina uchawi: ukimwelekezea mtu, inamshika jicho kwa kijimraba cha kijani. Akigeuka, kinageuka naye. Akikimbia, kinakimbia naye. Nimemwomba Bi Niimura atembee huku na huku. Katembea. Nikamwomba akimbie kidogo kuelekea kwenye printa. Kakimbia. Kijimraba hakikumwachia! Nimepiga makofi dukani, peke yangu.

Ya pili nimeiita Sabuni, kwa umbo na kwa wepesi. Rangi ya fedha. Haina kidirisha, unatazama skrini ya nyuma tu. Lakini ndani ina kitu kinachotuliza mtikisiko. Mkono wa mzee utetemeke utakavyo, picha inatoka imetulia. Na rangi zake jamani! Nimempiga Bi Niimura kwa zote mbili. Kwenye Kibonge ametoka kama alivyo, kila unywele mahali pake. Kwenye Sabuni ametoka kama mama yake anavyomwona. Nilikaribia kulia.

Nimeshika hii, nimeweka, nimeshika ile, nimeweka. Nimerudi nyumbani mikono mitupu na moyo vipande viwili. Mke wangu Fumie kauliza kamera zenyewe ni za namna gani. Nikamweleza kwa kirefu habari ya kioo kilichoondolewa. Akasema, Baba Shiori, kinyozi mzima unakwenda kuchumbia kitu kisicho na kioo, wateja wakisikia je? Kisha akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Nikainamia bakuli langu. Supu yenyewe ilikuwa imepoa.

Alhamisi, 3 Oktoba

Bahati imejileta yenyewe mpaka kwenye kiti!

Mzee Habuchi kaja kunyolewa ndevu. Nimemlaza, nimemfunika uso kwa taulo la moto, imebaki pua tu. Mtu akiwa hivyo hasemi uongo. Nikamwuliza polepole kama mwaka huu atapiga tena kwa simu. Sauti ikatoka chini ya taulo: hapana, mkwe, nimeona kamera mbili pale mbele ya stesheni, nyeusi na ya fedha, nashindwa kuchagua. Wewe mkono wako ni wa vifaa, nishauri.

Wembe mkononi, akili ikaanza kuzunguka. Siku ya michezo ni jua kali na uwanja wa mchanga mweupe. Sabuni haina kidirisha. Kwenye jua, skrini haikuonyeshi kitu ila uso wako mwenyewe umekunja ndita. Nikamwambia, mkwe wangu, ile nyeusi ni nzito kwa umri wetu, itakuvunja bega. Chukua ya fedha. Rangi zake hazina mfano. Sikusema uongo! Rangi zake kweli hazina mfano. Jua tu ndilo sikulitaja.

Kanishukuru akiwa amelala, kanishukuru akiwa amekaa, kanishukuru tena mlangoni akiwa ameinama. Jioni karudi na kisanduku cha keki za maharage matamu kunishukuru kwa ushauri. Ameshainunua! Mtu mwenye haya zisingempita kooni. Mimi nimekula nne.

Jumatatu, 7 Oktoba

Kibonge yumo nyumbani! Nimemweka kwenye mto. Fumie kauliza kama na yeye atapewa mto siku moja.

Nimefanya mazoezi mchana kutwa. Nimepiga paka wa jirani, baiskeli ya mpeleka barua, mpeleka barua mwenyewe. Nimepiga samaki waliokaushwa dirishani kwa Mama Asahina wa duka la samaki, na kila gamba linaonekana. Samaki hawa nawala tangu utotoni, sikujua kama wana uzuri huo! Kamera hii ni mwalimu. Nimegundua pia kwamba Fumie ana kidoti kidogo karibu na sikio la kushoto. Nikamwambia. Kasema kipo hapo tangu harusi.

Jioni, fedheha. Mzee Habuchi katuma picha kwenye kundi letu la familia. Mpersimoni wa uani kwake, saa za alasiri, matunda yamening'inia. Ile rangi ya chungwa! Unaweza kunusa. Shiori kajibu kwa mioyo mingi. Mume wake Takuma kaandika, Baba, hii kali. Nami nimekodoa macho mpaka simu ikazima. Sabuni hiyo nilimchagulia mimi! Fumie kapita nyuma yangu, katazama, kasema tu kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe, akaenda zake kuoga.

Hakuna neno. Persimoni halikimbii. Mtoto anakimbia. Tutaonana uwanjani.

Jumatano, 9 Oktoba

Kila mwaka kabla ya michezo kina mama huleta wasichana wao kwangu. Nina mkato mmoja wa wasichana: mstari ulionyooka juu ya nyusi, mstari ulionyooka chini ya masikio. Sina mwingine na sitaki mwingine. Leo saluni imejaa kuanzia mlangoni. Karibu nusu ya wasichana wa darasa la pili, darasa la Kozue, sasa wana kichwa changu. Nimesimama nyuma yao nikajiona msanii.

Kozue kaja wa mwisho. Nikamweka Kibonge kwenye rafu, amemwelekea mtoto, nijaribu kijimraba huku nakata. Mtoto kaongea bila kupumua. Habari ya ngoma watakayocheza. Habari ya mbio za kupokezana vijiti. Kisha jambo fulani kuhusu kofia, kwamba mwaka huu kaigeuza. Kofia zao zina pande mbili, nyekundu na nyeupe, mtoto anavaa upande wa timu yake. Mwaka jana alikuwa mwekundu. Nikamwambia vizuri sana, mwanangu, tulia. Kijimraba kilikuwa kimemshika jicho barabara, sikutaka kukipoteza.

Kaniuliza, Babu, utaniona? Nikamwambia nitakuona kila hatua. Akanipa kidole chake kidogo tukaapishana. Nimeapa kwa mkono ulioshika mkasi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeandika haya nikiwa nimelala kifudifudi.

Alfajiri nimebeba mkeka wa plastiki kwenda kushika nafasi getini. Nilitaka ile ya mbele, karibu na kamba, jua likiwa mgongoni. Geti limefunguliwa, watu wazima tumekimbia kama tunafukuzwa. Nafika pale, nakuta mkeka umeshatandikwa! Mzee Habuchi, kiti cha kukunja, chupa ya chai. Kasema, karibu mkwe, nilikuja mapema nikushikie na wewe. Kanimiminia chai. Ilikuwa chai nzuri sana. Nimeinywa kwa hasira.

Jua likatoka, jua la haki. Habuchi kawasha Sabuni, katazama skrini, kaiinamisha, kaiinua, kajifunika taulo kichwani na kamera yake kama anajifukiza. Nasikia sauti humo ndani ikisema, mkwe, sioni kitu. Nikamwambia pole. Moyoni nilikuwa nacheza ngoma.

Darasa la pili wakaingia. Nikaweka jicho kwenye kidirisha. Kofia nyekundu, nywele zimenyooka chini ya masikio, huyo hapo! Kijimraba kikamshika. Kakimbia mita hamsini, kijimraba kinakimbia naye. Kacheza ngoma, kainua mikono, karuka, kijimraba kipo jichoni. Wakaja kurusha vifuko kwenye kapu la juu ya mlingoti, vumbi tupu, watoto wamechanganyika kama maharage, Kibonge hakumpoteza! Ni chombo cha ajabu. Waliokiunda wabarikiwe, na watoto wao. Mara moja nilisikia mtoto anapiga kelele nyuma yangu, Babu, Babu, lakini uwanja mzima una mababu.

Chakula cha mchana. Fumie kafungua vyombo: matonge ya wali, kuku wa kukaanga, mayai ya kukunja. Nimesema hakuna kula kwanza. Nimemweka Kozue katikati, wote wamezunguka, nimewasha skrini. Picha ya kwanza: mguu mmoja hewani, kope zinahesabika. Takuma kapiga mluzi. Ya pili, ya tatu. Shiori kamtazama mama yake. Fumie kafunika mdomo kwa kiganja. Nikadhani ni uzuri umewazidi.

Kozue kasema, Babu, huyu ni Wakana.

Nikatazama. Nikamtazama mjukuu wangu. Kofia yake ni nyeupe. Wakana Segawa, kofia nyekundu, mkato wangu, Jumatano nilimkata kwa mkono huu huu! Nikasogeza mbele. Wakana. Nikasogeza tena. Wakana anacheka, Wakana anaruka, Wakana anafunga kamba ya kiatu, Wakana, Wakana, Wakana. Nikafika mwisho. Kozue alikuwa ananitazama mimi, si skrini. Kasema kwa sauti ndogo, lakini nilikupungia mkono, Babu. Nilikupungia sana.

Niliona aibu mpaka masikioni, na uchungu kuliko aibu. Nikamwambia, bado mbio za vijiti, mwanangu, hapo nitakuona. Akaitikia kwa kichwa, mtoto mwema. Nikasimama kwenye kamba kabla ya mtu yeyote. Nikawasha Kibonge. Kakonyeza mara moja, kazimika. Betri! Yote imeliwa na Wakana.

Habuchi kaona. Kavua kamba ya Sabuni shingoni kwake, kanipa kwa mikono miwili, kasema, chukua mkwe, mpige wewe, mimi picha za asubuhi zinanitosha. Mikono miwili! Na mimi ndiye niliyemwuzia jua. Nikamwambia kamera ni kama wembe, haiazimwi. Ni upumbavu niliousema, lakini ulishatoka.

Basi nimesimama mikono mitupu. Kozue kapokea kijiti timu yake ikiwa ya pili. Kafika kwenye kona, kijiti kikamponyoka, kikabingirika. Uwanja mzima ukasema aah. Karudi, kakiokota, uso umeiva kama nyanya, machozi yamejaa na hayakumwagika, kakimbia! Kofia imemruka, imening'inia kwa mpira shingoni, nywele zote zimesimama, kakimbia ameuma meno. Kampita mmoja. Kakabidhi kijiti kwa mikono miwili, kisha ndipo akalia. Nimepiga kelele mpaka sauti imekatika, sasa hivi naongea na Fumie kwa ishara. Sijawahi kumpenda mtu namna ile. Nilimwona kila hatua, kila hatua!

Na sina hata picha moja. Hasara tupu.

Jumapili, 13 Oktoba

Asubuhi bibi yake Wakana kaja saluni na sanduku la zabibu. Jana Fumie aliwatumia picha zote bila kuniuliza. Bi Segawa kashika mikono yangu miwili, analia. Anasema mjukuu wake ni mtoto wa haya, kila mahali hujificha nyuma ya wenzake, hajapata kupigwa picha akicheka. Anasema mpiga picha wa shule mwenyewe hajawahi kumwona hivyo. Wameshachagua tatu kwa kadi ya mwaka mpya. Ameniita bwana msanii. Nimesema si kitu. Nimelisema polepole ili Fumie aliye jikoni asikie.

Mchana Shiori katuma picha iliyochaguliwa. Ya Habuchi, bila shaka. Nilitaka kutoifungua. Nimeifungua.

Kozue yuko katikati, kofia nyeupe, mikono yote miwili juu, mdomo wazi, anapunga kwa mwili mzima. Rangi ya Sabuni ile ile, mashavu yake, anga, mchanga. Picha imetulia kama imechongwa. Na pembeni, kubwa, mgongo wa mwanaume mwenye fulana ya saluni, ameinama na kamera, anapiga upande mwingine kabisa.

Habuchi kaandika chini kwamba yeye mwenyewe hakuona kitu kwenye skrini. Alimsikia mtoto anamwita babu yake, akaelekeza kamera kule sauti ilikotoka, akafyatua. Kaomba radhi kwa kutonipata usoni. Kaomba radhi! Mtu wa namna hii utamchukia vipi? Najitahidi.

Nikampigia Shiori. Nikamwambia hiyo hapana, jamaa zetu wote wataona makalio yangu, dada yangu wa Sendai ataona. Kasema si yeye aliyechagua, ni Kozue. Kampa simu. Nikamwuliza mtoto, katika picha zote, kwa nini hiyo? Kasema kwa sababu kwenye nyingine zote yuko peke yake, kwenye hii tuko wawili. Nikamwambia lakini mimi ni mgongo tu, mwanangu. Kasema ndiyo, Babu, mgongo wako.

Nimefunga saluni mapema nikasema ni macho, vumbi la jana.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mapumziko. Nimekaa kwa utulivu nikachambua mambo kama mtu mzima. Kosa halikuwa langu. Wala si la Kibonge, masikini, yeye alimfuata aliyeambiwa, na kwa uaminifu mkubwa. Kosa ni la kofia. Shule gani inawapa watoto kofia inayogeuzwa?

Mzee Habuchi kaja kunipongeza kwa picha za Wakana. Kaomba kuchungulia kidirishani. Nikampa. Kanielekezea mimi. Kisha, lo, mkwe, unaona mpaka kope! Kampimapima Kibonge mkononi, kaniuliza kwa unyenyekevu kama kweli ni mzito kiasi kile, maana yeye haoni uzito. Nikashika bega. Nikamwambia, mkwe wangu, tangu Jumamosi siinui hata kitana. Kanisikitikia sana. Kasema kesho ataniletea plasta za kupunguza maumivu, ni nzuri, zina mnanaa.

Jioni Shiori kapiga. Novemba kuna mchezo wa kuigiza shuleni. Kasema, Baba, safari hii njoo utazame tu, kwa macho, kama zile mbio. Kozue alifurahi. Nikamwambia sawa, mwanangu, umesema kweli kabisa.

Kozue atakuwa shomoro. Darasa zima ni shomoro, wamefunikwa vitambaa vya kahawia kuanzia kichwani mpaka magotini, hakuna nywele, hakuna kofia. Fumie anasema basi mwulize mtoto mapema atasimama wapi. Sina haja! Leo, katika kubonyezabonyeza, nimegundua kwamba Kibonge ana kitufe cha ndege. Ukikibonyeza anamtafuta ndege mwenyewe, popote alipo, anamshika jicho. Novemba shomoro wangu hanipotei.